Jogoo wa Mama Birgitta: Wasifu wa Bi Celina Mbwambo wa Kijiwe cha Tandamti

Kwa miaka thelathini na mitatu Bi Celina Elisaria Mbwambo ameutumikia Ushirika wetu wa Wafanyabiashara wa Tandamti, na Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 2025, anastaafu. Alhamdulillah, anaondoka akiwa mzima. Macho yake yanasoma, miguu yake inapanda ngazi za ofisi bila kushika ukuta, na ulimi wake, wenye maduka wote wa Kariakoo ni mashahidi, haujapungua makali hata kidogo.

Nimeombwa kuandika maneno haya kwa sababu tumekaa chumba kimoja tangu nilipoajiriwa, mimi nikipokea wageni na kupika chai, yeye akizungumza na dunia. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo msomaji atanivumilia. Nitamsimulia kama ninavyomjua.

Alikuja mwaka 1992, binti wa Kipare kutoka Gonja, kule milima ya Same, akapewa kazi ya spika. Wa umri wangu wanalikumbuka lile spika la bati juu ya paa. Kazi ilikuwa kutangaza watoto waliopotea, funguo zilizookotwa, misiba, na malori yaliyoziba njia. Waliomtangulia walitangaza kwa sauti ya karani wa mahakama. Bi Celina akaja na yake. Siku moja sokoni kote kulisikika: "Mama mwenye kitenge cha kijani, umemsahau mumeo kwenye duka la mapazia. Amekaa kwenye kigoda, analalamika njaa. Njoo umchukue kabla hatujampangia bei." Yule mama alikuja mbio huku anacheka, na mume naye anacheka, na tangu siku hiyo watu walianza kukaa kimya spika likikoroma, wasije wakakosa neno.

Zikaja simu za mkononi, spika likapata kutu, na sisi tukaingia kwenye makundi ya simu kama watu wengine. Hapo palikuwa na kazi! Kila mtaa kundi lake, kila kundi na viongozi wake ishirini, kila wiki mtu katolewa na mwingine kaondoka kwa hasira. Ndipo Ismail, fundi wa simu wa Mtaa wa Aggrey, alipotuletea wazo la kuwa na mtandao wetu wenyewe. Mashine yenyewe ni kiboksi kidogo kuliko sufuria la uji, kipo mpaka leo juu ya friji ya ofisi, kimefunikwa kitambaa cha kochi ili vumbi lisiingie. Tukakiita Kijiwe.

Wazee wa Ushirika hawakuelewa. Waliuliza bosi wake ni nani na anakaa nchi gani. Ismail alijaribu kueleza mpaka jasho likamtoka. Bi Celina ndiye aliyesimama akawaambia wafikirie nyumba za uswahilini. Kila nyumba ina mlango wake na baraza lake, na mwenye nyumba ndiye anayejua nani amelala ndani. Lakini habari inatoka baraza hili inakwenda baraza lile, watu wanasalimiana, wanachekana, na hakuna bwana mkubwa mmoja anayemiliki mtaa mzima. Mkigombana na jirani, mnafunga mlango wenu kwake; mkipatana mnafungua. Wazee wakaitikia. Siku hiyo hiyo wakampa yeye ufunguo, yaani usimamizi wa Kijiwe, na hajauachia mpaka leo.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni jinsi alivyokuwa mdadisi. Mchana watu wakipungua alikuwa akizunguka humo humo mtandaoni kwenye vijiwe vya wenzetu kama mtu anayetembelea ndugu sikukuu. Kulikuwa na kijiwe cha wauza samaki wa Feri, ambako mnada unaendeshwa kwa matusi ya heshima. Kulikuwa na cha mafundi magari wa Buguruni. Halafu kulikuwa na vya mbali kabisa: watu wanaohesabu ndege, watu wanaopiga picha uyoga na kubishana juu yake kwa miaka. Aliniita nikiwa na birika mkononi: "Waridi, njoo uone, huyu mzee wa Ujerumani amefiwa na uyoga." Nikamwuliza hao watu wanatuhusu nini. Akasema alitaka tu kujua watu wanachekea nini wakiwa nyumbani kwao.

Kwetu palichekewa mengi. Mvua ikinyesha, Mudi mwenye genge karibu na Jangwani anatupia taarifa ya hali ya hewa kwa kipimo chake mwenyewe: "Maji yamefika kamba ya ndala. Wenye suruali nyeupe rudini nyumbani." Timu ikifungwa, washabiki wake wanabadilisha picha zao wote wanaweka chujio la chai, mpaka sala ya Ijumaa ipite. Na Wapare, kama Watanzania wote wanavyojua, wanapenda kesi. Basi Bi Celina alikuwa na mahakama yake humo, kila Alhamisi. Aliyezidisha chumvi kwenye mchapo anashtakiwa, mashahidi wanaitwa, na hukumu ni kupiga picha umevaa sufuria kichwani.

Masufuria yalitoka kwa Marcelino Shirima. Huyu ni Mchaga wa Rombo, ana duka la vyombo chini ya ofisi yetu, na Mchaga na Mpare ni watani, hilo halihitaji maelezo. Kila asubuhi alimsalimia Bi Celina kwa kumwuliza leo anamshtaki nani na makande yamebaki mangapi. Naye alimjibu kwamba duka halina mteja kwa sababu mwenyewe amesimama mlangoni. Wageni walidhani wana ugomvi. Walikuwa wanakula chakula cha mchana pamoja.

Kijiwe kina sheria moja tu, na ni yake: umtanie unayejua nyumbani kwake. Kama hujawahi kufika mlangoni kwa mtu, kaa kimya au mpe salamu. Alikuwa anasema mtani hana mdomo peke yake, ana mikono pia, na mikono yake inajulikana siku ya msiba. Ndiye anayechimba, ndiye anayepika, ndiye anayeosha vyombo. Wengi tulidhani ni sheria ya kuchekesha. Tuliielewa mwaka juzi.

Mwaka juzi Bi Celina alifiwa na mama yake mzazi, Bibi Nakijwa, nyumbani kwake Buguruni. Mungu amrehemu, alikuwa bibi yetu sote. Bi Celina ana mtoto mmoja, Vicky, anayehudumia wazee katika mji mmoja wa Uswidi. Bibi Nakijwa ndiye aliyemlea. Vicky hakuweza kuja, kwa kuwa karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado mezani mwa wakubwa na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Mama na mtoto walipigiana simu, lakini ilikuwa simu ya kulia tu. Huyu analia, yule analia, salio linakwisha. Kilichobaki ni Kijiwe. Vicky alikuwa mwanachama wa kijiwe cha hukohuko mjini kwao, cha watu wanaotengeneza baiskeli, na kupitia mlango wao alisoma yote yaliyokuwa yakiandikwa kwetu. Kwa hiyo msiba ulikuwa Buguruni, na Vicky, peke yake chumbani, alikuwa msibani.

Watani waliingia kazini mara moja. Marcelino aliandika: "Wachaga wote wa Tandamti! Eti Bibi Nakijwa amefariki. Msikubali. Juzi nimemwona kwenye makande, na Mpare haondoki sufuria halijaisha. Fungueni jeneza tuhakikishe!" Agnesi wa mitumba naye akaweka picha. Watani wamekaa chini katikati ya barabara, mbele ya basi la kupeleka mwili Gonja, Marcelino amevaa koti la marehemu na ameshika mkongojo wake. Chini ya picha ameandika: "Barabara tumeifunga. Maiti haitoki Buguruni mpaka tupewe jogoo."

Bi Celina alijibu akiwa chini ya turubai: "Marcelino, vua koti la mama yangu. Linakubana tumboni kwa sababu lilishonewa mtu mwenye kiasi." Vicky akaandika kutoka huko aliko: "Mjomba Marcelino, bibi amesema akija kukutokea usiku asikukute na hilo koti." Niliona kwa macho yangu Bi Celina akisoma neno hilo la mwanawe. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa khanga, na chini ya khanga kilio kikaja. Wanawake tulimshika. Kilikuwa kilio cha kwanza kilichompa nafuu.

Jogoo akatolewa, njia ikafunguliwa, basi likaondoka. Na Marcelino, akiwa na koti lile lile, alikwenda nalo mpaka Gonja akashika jembe.

Walipomaliza kuzika ndipo Bi Celina alipofungua simu akakuta kimya. Hakuna neno la Vicky. Ismail aliangalia kutoka Dar akagundua kwamba kijiwe cha baiskeli kimefunga mlango kwetu. Msimamizi wao, mama mmoja anayeitwa Birgitta, alikuwa ameyaona maneno ya Marcelino na Agnesi, akayapitisha kwenye mashine ya kutafsiri. Hebu jiweke mahali pake. Mfiwa analia, watu wamekaa barabarani, wamemvua marehemu koti, wanataka jeneza lifunguliwe, na wanadai kuku ndipo wafungue njia. Akaona hawa ni majambazi, na akafanya ambalo mtu mwenye moyo angefanya. Tena vijiwe viwili vya jirani zake, kwa kumwamini, navyo vikatufungia.

Ismail alikuwa na dawa rahisi: Vicky afunguliwe jina jipya kwetu, aachane na wale. Bi Celina alikataa. Maneno yake ninayo mpaka leo: "Mwanangu anaishi kule, Ismail. Nikimtoa kwa majirani zake nitakuwa nimemwacha na nani?" Alitaka mlango ufunguliwe na aliyeufunga.

Akakaa kwenye kigoda cha mama yake akaandika barua. Kiingereza cha Bi Celina ni cha kidato cha nne, na cha Mama Birgitta nacho si cha kuzaliwa, kwa hiyo walielewana vizuri kwa sababu hakuna aliyemtisha mwenzake. Alieleza utani ni nini. Jibu lilikuja la upole sana: "Je, uko salama? Kuna mtu amesimama nyuma yako anakulazimisha kuandika haya?"

Bi Celina ni mtu wa kweli. Aligeuka, akatazama, akajibu: "Ndiyo, yupo. Ni yule yule wa koti. Ameshika sahani ya ugali, ananilazimisha nile."

Barua hiyo iliharibu zaidi. Mama Birgitta akauliza kama angependa apigiwe polisi.

Hapo mtu mwingine angekata tamaa au angekasirika. Mimi ningekasirika. Yeye udadisi ukamshika, hata katika msiba. Akaacha kujieleza, akauliza. Aliandika: "Kwenu, mtu akifiwa, nani huja kumchekesha?"

Siku hiyo jibu halikuja. Lilikuja kesho yake. Mama Birgitta aliandika kwamba hakuna. Mume wake alipofariki, majirani walishusha sauti zao kwenye ngazi kila alipopita, na mpaka sasa bado wanazishusha.

Bi Celina alitusomea barua hiyo kwa simu, sisi tuliobaki Dar. Agnesi, aliyeanzisha kesi yote ya jogoo, ndiye aliyesema masikini ya Mungu.

Kisha Bi Celina akaandika barua ya tatu, na hii naomba Vicky aihifadhi. Alimwambia Mama Birgitta kwamba amefikiri sana, na kwa desturi ya kwetu anayefunga njia msibani ni mtani. Adui hafungi, adui haji kabisa. Kwa hiyo yeye, bila kujua, ameshafanya kazi ya mtani, tena ameifanya vizuri kuliko Marcelino, kwa sababu Marcelino alifunga barabara moja na yeye amefunga tatu. Sasa kwa kuwa ni mtani, haki yake ni jogoo. Akaambatanisha picha ya jogoo mwekundu wa pale uani, amesimama juu ya jiwe. "Huyu ni wako kuanzia leo. Fungua njia. Lakini mtani ana mikono pia. Mwanangu Vicky yuko mjini kwenu, amefiwa, yuko peke yake. Vyombo vya msiba haviwezi kujiosha."

Yaliyofuata tumeyapata kwa Vicky mwenyewe. Jioni hiyo aligongewa mlango. Alipofungua akakuta mama mtu mzima, mwenye mvi, kofia ya sufu, na chungu cha supu mikononi. Hakutoa pole wala hakushusha sauti. Aliuliza sinki liko wapi. Akavua koti, akakunja mikono, akaosha kila kikombe kilichokuwa kimelundikana tangu habari ya kifo ilipofika, na vilikuwa vingi, maana aliyefiwa peke yake haoshi. Vicky alisimama nyuma yake anapangusa. Wakiwa katikati ya kazi, Mama Birgitta alisema kwa ukali wa kujaribu kwamba nyumba ya bibi yake hakika ilikuwa safi kuliko hii. Akageuka kuangalia kama amekosea. Vicky alicheka, na alikuwa hajacheka tangu mlango ufungwe.

Njia ikafunguliwa usiku huo. Vile vijiwe viwili vya jirani navyo vikafungua. Na kwenye Kijiwe, kwa Kiswahili cha mashine, likatokea neno la mtu mpya: "Nimeosha vyombo. Jogoo wangu anakula nini?" Marcelino akawa wa kwanza kumjibu: "Anakula makande, shemeji, na hayamtoshi."

Tangu hapo wametutania na tumewatania. Wao wanatucheka kwa kuvaa makoti mvua ikinyesha kidogo Dar. Sisi tunawauliza kama jua lao limeshalipiwa. Mashine ikituangusha, Ismail na wao wanaitengeneza pamoja. Na mwaka jana mafuriko yalipoingia gengeni kwa Mudi, watengeneza baiskeli wa Uswidi walikesha wakimtumia picha za ndala zao. Bi Celina aliniambia siku hiyo kwamba sheria yake imebidi ipanuke kidogo: ukimjua mtu nyumbani kwa mwanawe, umemjua nyumbani kwake.

Katika utumishi wake amefundisha wasimamizi wenzake wa Feri na Buguruni, amepatanisha mitaa isiyosemezana, na hakuwahi kumfukuza mtu Kijiweni bila kwanza kumtembelea. Mimi ni Muislamu, yeye ni Mlutheri. Mwezi wa Ramadhani alikuwa anakula nje ya chumba ili nisione, na Krismasi alinitumia pilau, akaandika juu ya hotpoti: "Kwa mtani wangu ambaye si mtani." Dada yangu ni yeye.

Karatasi za Vicky zimetoka. Desemba anakuja, na haji peke yake. Mama Birgitta amesema jogoo hatumwi kwa posta.

Nilikuwa nimemaliza kuandika hapa. Lakini leo asubuhi, karatasi hizi zikiwa zinapelekwa kuchapishwa, Ismail alipanda ngazi mbio, uso umembadilika, akasema Uswidi wametufungia mlango tena. Bi Celina alivaa miwani, akafungua mashine kwa mara ya mwisho kama msimamizi. Kulikuwa na tangazo moja tu, limeandikwa vizuri, bila mashine ya kutafsiri safari hii:

"Njia imefungwa. Celina hatoki Kariakoo mpaka tupewe jogoo wetu."

Na chini, barabarani, mbele ya teksi itakayompeleka stendi baada ya sherehe hii, Marcelino Shirima ameshaweka kigoda. Amevaa lile koti.

Basi, Bi Celina, toa jogoo upite. Kwa niaba ya Ushirika, na vijiwe vyote vinavyotusalimia, tunakushukuru. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe usingizi mtamu na mvua ya kiasi huko Gonja, na uishi maisha mema yaliyojaa vicheko. Ufunguo tutautunza. Na Mama Birgitta akifika Desemba, akishamkamata jogoo wake, usimpe pole ya safari. Mwonyeshe vyombo viliko.

Waridi Ramadhan
Mapokezi, Ushirika wa Wafanyabiashara wa Tandamti